Malalamiko Kuhusu Binti Yangu Kufundishwa Kusikiliza

Kwako Bi. Kagendo,
Msimamizi wa wanafunzi wa ustawi wa jamii, Vickery Meadow.

Pokea salamu za heshima kutoka Cedar Hill. Mimi ni Onyancha, baba yake Moraa, mwanafunzi uliyempokea Januari aje ajifunze kazi nyanjani. Nilikukabidhi msichana mtulivu, asiye na neno na mtu. Ulimtuma akatengeneze nyumba za watu, naye ameanza na yangu.

1. Moraa hatoi ushauri tena. Ukimwuliza jambo, anakuuliza wewe mwenyewe unaonaje. Juzi mama yake alimwuliza tupike nini, akaulizwa anajisikiaje kuhusu kupika kila siku. Jioni hiyo tulikula mkate mkavu.

2. Ananyamaza. Anasema mmemfundisha kwamba mtu akipewa nafasi atasema yaliyo moyoni. Bi. Kagendo, hiyo ni mbinu ya polisi. Nilipokuwa nikimleta kwenu kwa gari, alininyamazia njia nzima, nikajikuta namsimulia jinsi marehemu baba yangu alivyonikataza umakanika. Sikuwa nimepanga kusema hayo, tena kwenye foleni.

3. Amechora familia yetu kwa miduara na miraba, eti ni zoezi lenu, akaibandika kwenye friji. Kati yangu na kaka yake Sospeter amechora mstari uliokatikakatika. Ni kweli sijaongea na Sospeter tangu aache masomo ya uuguzi kule Houston akaanza kutengeneza viyoyozi. Nilimwambia asikanyage kwangu. Lakini hayo ni ya ndani, na friji yetu hufunguliwa na kila mgeni.

4. Hili ndilo limeninyima usingizi. Jumapili watu wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Mzee Kiplagat akaniuliza Sospeter anaendeleaje na wagonjwa, maana kule kanisani mimi bado namtangaza kuwa nesi. Mtoto mwenye adabu angeleta chai upesi. Moraa alinigeukia kwa upole wa kitaalamu, akaniuliza kama ningependa kulijibu hilo mwenyewe. Kisha akanyamaza, na wageni nao wakanyamaza. Nikasema ukweli, sambusa mkononi.

Hata aibu niliyoitarajia sikuipata. Kiplagat aliomba namba ya Sospeter kwa sababu kiyoyozi chake kimekufa. Ikabidi nikiri mbele ya watu wote kwamba namba ya mwanangu sina, niliifuta.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, umhamishe Moraa mahali pasipo na binadamu, kwa mfano stoo. Na alama zake za kusikiliza zipunguzwe, zimezidi.

Nisalimie wafanyakazi wenzako, wanafunzi wote, na hasa wazazi wao, ambao nawaonea huruma.

Wako mwenye uchungu na heshima,
Onyancha.

Tanbihi: Namba nimepewa na mama yake, kumbe alikuwa nayo siku zote. Nilimpigia Sospeter, nikakata kabla hajapokea. Akapiga yeye, nikapokea, tukaongea habari za joto tu. Anakuja Jumamosi. Moraa amekataa kukaa kati yetu, anasema sheria zenu hazimruhusu kuhudumia jamaa zake. Sasa mimi nitasema nini? Tafadhali nitumie mwanafunzi mwingine siku hiyo, lakini awe amefundishwa kama huyu.