Jiko la Nyuzi Thelathini na Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Bila mimi, utafiti wa majiko usingekuwepo duniani. Wataalamu wametoka mbali, wana vyeti vya kujaza gunia, lakini ilibidi waanzie kwangu. Ni kweli nyumba yangu ndiyo ya kwanza mtaani. Lakini pia ni heshima.

Mradi wenyewe uko hivi. Sisi upande wa juu wa mtaa tumepewa majiko mapya ya mkaa, hayana moshi. Upande wa chini hawakupewa, ili walinganishwe na sisi. Ilipigwa kura ya bahati nasibu. Mdogo wangu wa kike yuko huko chini, anapika kwa kuni kwenye mafiga matatu na kukohoa tangu asubuhi. Ndiye anayenilisha tangu mke wangu aende kwao kupumzika. Mwaka wa sita huu, bado anapumzika. Nimemwahidi mdogo wangu jiko. Nilimwambia mimi na wakubwa wa mradi ni chanda na pete.

Leo amekuja Binti wa Fomu. Ndivyo tunavyomwita yule mkusanya takwimu. Anapima kama majiko yanatumika kweli. Yakionekana yanatumika, upande wa chini nao watapewa. La sivyo, mradi unafungwa. Akaniuliza napika mara ngapi kwa siku. Nikasema tano. Akauliza mbona jiko halina hata doa. Nikasema usafi! Akabandika ubavuni mwa jiko kidude kidogo kama kifungo cha koti, akasema atakisoma baada ya siku tisa.

Alipotoka nikarudi kulikalia. Lina kimo kizuri sana. Kile kimlango cha chini natunzia brashi ya viatu.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimekwenda kwa Fundi Saa, jirani yangu na adui yangu, kumchimba kuhusu kidude. Anajiona kwa sababu anavaa kioo jichoni. Akacheka kwanza. Kisha akasema kinapima joto, saa baada ya saa, na kujiandikia chenyewe humo ndani. Kwa hiyo Mjomba, akasema, upike, au uumbuke. Nikamwambia mimi nilikuwa napika yeye bado ananyonya. Akauliza, basi mkaa unanunua wapi? Nikakumbuka nina shughuli.

Nimefikiri mpaka masikio yakavuma. Joto! Wanataka joto tu! Nani mtaa huu ana joto kunishinda mimi?

Nimekibandua. Kiko kwapani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Kidude kimetulia, nimekizungushia plasta. Shida ni mkono wa kulia, hauinuki. Mwenye duka nimempa wa kushoto, akanuna. Kwenye mkutano wa mtaa wakasema wanaounga mkono wanyooshe mikono. Nikahesabiwa kuwa nimepinga bomba la maji. Mimi! Niliyelililia bomba hilo miaka minne!

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Mdogo wangu ameniona nikila kwa kushoto. Akasema, kaka, una jipu. Nikakana. Akasema jipu si aibu, vua shati nikukande. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanikimbiza kuyazunguka mafiga, huku anakohoa, huku anamwapia marehemu mama kwamba haniachi nife kwa jipu. Akakohoa mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka. Nikamsugua mgongo kwa mkono niliobaki nao.

Akaniuliza, polepole, lile jiko kaka, litakuja kweli au ni yale maneno yako? Nikamjibu nalihangaikia usiku na mchana, mwili wangu wote umo. Sijawahi kusema kweli namna hiyo. Akaniangalia kama nimelewa.

Jumatano, tarehe 12 Machi
Asubuhi nimekirudisha kidude ubavuni mwa jiko. Binti wa Fomu akaja. Fundi Saa akajileta, hakualikwa. Mdogo wangu alikuwa ameniletea chakula.

Binti akasoma. Akasoma tena. Akasema, Mjomba, jiko lako limewaka siku nane bila kuzimika. Nikamtupia jicho Fundi Saa. Binti akaendelea: kwa nyuzi thelathini na saba tu. Hizo hata chai hazichemshi. Hilo ni joto la mtu mzima mwenye afya njema.

Nikamshukuru.

Fundi Saa akashika ukuta. Binti akauliza, na hapa Jumapili, saa kumi jioni, mbona limeshuka dakika sita? Mdogo wangu akanitangulia: alioga.

Binti akaniomba niliwashe, alione. Nikalizunguka. Nikalipuliza. Nikafungua kimlango, ikadondoka brashi ya viatu. Wote wakaitazama. Akauliza, kwani mafunzo hukuhudhuria? Nikamwambia siku ile nilikuwa mlangoni, napokea wageni. Kazi kubwa.

Mdogo wangu akanisukuma kwa nyonga. Fundi Saa akaleta mkaa kutoka kwake. Haikuchukua muda, likashika. Moshi hakuna! Mdogo wangu akainama juu ya jiko akisubiri kikohozi chake. Hakikuja. Hata Fundi Saa aliacha kunicheka, na hilo nalo lingestahili kupimwa.

Binti akasema mimi nafutwa kwenye hesabu, lakini majiko mengine kumi na tisa yanapikiwa kila siku, na la Fundi Saa ndilo linaloongoza. Upande wa chini watapata yao mwezi ujao. Mdogo wangu hakungoja mwezi ujao. Jiko lilipopoa akalitia kichwani akaenda nalo. Binti akaguna, akafuta nyumba mbili badala ya moja, yangu na yake.

Jumapili, tarehe 16 Machi
Naandika nimesimama. Sebuleni hakuna tena pa kukaa.

Mtaani nimewaeleza kwamba upande wa chini wanapata majiko kwa jasho langu. Fundi Saa akasema hilo halina ubishi, lilipimwa. Ana wivu. Mdogo wangu leo amepika anaimba. Sikujua kama anajua kuimba.

Sasa kubwa! Unakuja utafiti wa sabuni. Kila kipande kina kidude ndani, kinahesabu kinavyotikisika, wajue kama watu wananawa mikono. Nimejiandikisha wa kwanza. Jirani ana jogoo asiyetulia hata nukta moja. Nitamfunga sabuni shingoni. Nitaongoza mtaa mzima kwa usafi!

Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: siku ya mafunzo ya jiko sikuwa mlangoni. Nilikuwa ndani, kiti cha mbele kabisa. Nililala. Walipopiga makofi nikazinduka, nikasimama, nikatoa neno la shukrani.