Shemeji Amezuia Udongo Wangu

Mheshimiwa Afisa Ardhi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nilifika ofisini kwako nikaambiwa uko kwenye semina ya kuhifadhi udongo, hotelini, kwenye mazulia. Nikaona bora nikuandikie.

Namlalamikia shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka. Shamba lake liko juu ya mteremko, langu liko chini yake. Kaka, Mungu amrehemu, alikuwa mkarimu. Alilima kwa kufuata mteremko, na kila mvua iliponyesha, udongo wake mweusi ulishuka kwangu bila kuitwa, wala hakuwahi kuudai. Tuliishi kindugu namna hiyo. Tangu mjane ashike jembe mwenyewe, undugu umeharibika kama ifuatavyo:

1. Amechimba mitaro na kuinua matuta yanayokingama mteremko, kisha akapanda nyasi juu yake. Sasa maji yananifikia safi, mikono mitupu. Nilipanda kumwuliza kwa upole udongo wangu uko wapi. Akanijibu, "Shemeji, huu ni wangu. Ulikuwa unakuja kwako kwa sababu hakuna aliyeushika." Nikahisi dharau.

2. Korongo la mpakani linazibika. Mimi nilikuwa nikizoa mchanga humo na kuwauzia wajenzi. Kila masika lilipanuka, na biashara ikapanuka nalo. Ameweka mawe na matawi, sasa limeota majani. Kazi ya Mungu inazibwa na mwanamke mwenye toroli, na serikali inatazama!

3. Mbuzi wangu walizoea kujilisha kwake. Amezungusha uzio, anakata nyasi na kuwapelekea mbuzi wake bandani. Wangu husimama nje wakichungulia. Beberu amekonda kwa mawazo.

4. Hili ndilo zito. Mke wangu alipanda huko kusalimia tu, akarudi na miche. Sasa ananihoji mezani: mbona mahindi ya shemeji yamenawiri na yetu yamepauka, na kwa nini nachoma mabua badala ya kuyatandaza shambani? Nimekula viporo wiki nzima kwa ajili ya mabua, Mheshimiwa.

Kwa hiyo naomba umwamuru abomoe matuta hayo. Kama sheria hairuhusu, basi kila baada ya mvua ajaze toroli udongo aniletee mlangoni. Na itangazwe rasmi kwamba udongo ukishashuka ni mali ya aliye chini, na anayeuzuia ni mchoyo na adui wa maendeleo.

Wasalimu makarani wako, dereva, na yule mama wa chai ambaye ndiye pekee anayepokea simu ya ofisi.

Ni mimi, raia mtulivu aliyedhulumiwa,
Mwenye Shamba la Chini

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mvua kubwa imenyesha. Kwa shemeji halijasogea hata jiwe. Kwangu, kipande kizima cha shamba kimeteremka hadi uani kwa fundi baiskeli, jirani yangu wa chini, naye tayari anachomeka mbegu za maboga, eti kilichoshuka ni chake. Tafadhali njoo na askari, huo ni wizi wa mchana. Shemeji na mke wangu wako shambani kwangu tangu asubuhi, wanapima mitaro kwa kamba. Kama umeshaandika amri ya kumzuia shemeji, naomba uicheleweshe, kama ilivyo kawaida ya ofisi yako, mpaka wamalize.