Nahodha Aliyepewa Usukani wa Gari la Mbio

Jamani, leo uso wangu sijui niufiche wapi. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, simu haiishi kulia, na kila anayenitumia ujumbe ananitumia video ileile. Kabla hamjaisikia kwa wengine, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Tuanze na Bwana Shee. Huyu ni baba yake Rukia, binti niliyepeleka posa kwao Mkomani. Wazee wangu walipokewa vizuri, wakanyweshwa kahawa, wakala halua, wakaambiwa jibu litakuja. Mpaka leo asubuhi jibu lilikuwa halijaja. Sasa wiki ijayo kaka yake Rukia anaoa Malindi, na Bwana Shee amekodi gari la kuichukua familia kutoka Mokowe, kule bara tunakoshukia boti. Akasikia kwamba nina leseni. Akaniita barazani kwake.

"Omari, watu wangu nakupa wewe. Tukirudi salama, na lile neno lako tutalimaliza."

Mmeelewa uzito wake? Nikiwafikisha salama, nimeoa!

Leseni ninayo kweli (wallahi ninayo!). Niliipata Mombasa, nikafaulu mara ya kwanza. Ila tangu siku ile sijashika usukani wa gari. Ningeushikia wapi? Mimi ni nahodha wa boti, kazi yangu ni kuvusha watu kati ya Shela na Ras Kitau. Kisiwani kwetu wenye foleni ni punda.

Haya. Leo mjini kulikuwa na maonyesho ya biashara. Mimi nilifuata asali tu. Lakini kulikuwa na hema moja lililojaa kuliko yote. Vijana wa Nairobi wameleta michezo ya mbio za magari ya kompyuta, ile ambayo bado haijaanza kuuzwa, watu waijaribu kwanza. Kuna kiti kama cha gari lenyewe, usukani, pedali, na miwani mikubwa ya kuvaa. Ukishaivaa humwoni mtu tena, unaona barabara tu. Na unachokiona wewe, watu wote wanakiona kwenye skrini.

Nikachungulia. Nani yuko mstari wa mbele? Bwana Shee, kanzu imenyooka, kikombe cha kahawa mkononi. Nyuma yake Rukia na shangazi zake.

"Aa, Omari! Ndoo hapa. Kaa nikutezame uendeshavyo."

Ningeweza kusema tumbo linaniuma. Ningeweza kusema boti inanisubiri. Badala yake (kiherehere hakina dawa) nikajibu, "Hii, Ami? Huu mchezo wa watoto."

Msichana aliyekuwa akisimamia, anaitwa Njeri, akanifunga mkanda. "Sasa bro, ushawahi kuendesha?"

"Mimi ni dereva mwenye leseni," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa shangazi.

Njeri akashika maikrofoni. "Wasee, leo tuko na dereva wa ukweli hapa!"

Makofi! Nikavishwa miwani. Taa ikawa ya kijani, nikakanyaga mafuta, gari likaruka. Barabara ilikuwa imenyooka, nami nilikuwa namalizana nayo vizuri tu. Nikasikia shangazi mmoja akisema, "Mashallah." Hilo ndilo neno zuri la mwisho nililosikia kwa muda mrefu.

Ikaja kona ya kulia.

Hapa niwaeleze wasio watu wa maji. Boti yangu haina usukani wa duara. Nakaa nyuma, nashika mkono wa mashine. Nikitaka boti iende kulia, mkono nausukuma kushoto. Nimefanya hivyo tangu sijaota ndevu, na sasa mikono hainiulizi tena. Kona ya kulia ilipokuja, mikono ikakata kushoto. Gari likaingia kwenye majani, likabomoa uzio, likala na bango la matangazo.

"Kulia, bro! Kulia!"

"Si ndiyo naenda kulia!" nikamjibu, huku nikizidi kukata kushoto.

Nikamsikia Bwana Shee: "Mbona ndia yenda kule, nawe wenda huku?"

Nikarudi barabarani kwa kudra za Mola. Kufumba na kufumbua, mbele yangu kuna ukuta, mkubwa, wa zege, na unakuja.

"Breki! Bro, breki!"

Breki gani tena? Boti haina breki. Unaachia mafuta mapema, maji yenyewe yanakushika. Basi nikaachia mafuta, nikatulia, nikangoja maji yanishike. (Ndiyo. Kwenye lami. Nilingoja maji.)

Maji hayakuja. Ukuta ukaja. Na boti ikienda kugonga gati, nahodha hafikiri, anatoa mguu nje na kuusukuma ukuta ili boti isipasuke. Nikapiga ukelele, "Shikani kamba!" Nikautoa mguu wa kushoto nje ya kiti, nikausukuma ule ukuta kwa nguvu zangu zote.

Ukuta ukasema, "La ilaha illa llah!"

Nikavua miwani. Ukuta ulikuwa Bwana Shee! Kumbe alikuwa amesogea karibu kuangalia nakanyaga nini. Sasa amekaa chini, kofia iko kule, kahawa yote iko kwenye kanzu. Njeri, maikrofoni bado iko mdomoni, akasema taratibu, "Wasee, dereva amegonga mtu wa ukweli."

Mnajua kicheko cha mji mzima, na simu zote ziko juu zinarekodi? Nilikurupuka kumwinua na mkanda bado umenifunga, kiti kikanifuata. "Niwie radhi, Ami! Nilidhani wewe ni gati!" (Kuna maneno ukishayasema huwezi kuyameza tena.) Rukia amejifunika uso kwa buibui, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia. Hakuwa analia.

Bwana Shee akasimama. Akajifuta, akavaa kofia, akajaribu goti lake.

"Malindi watu wangu watakwenda na basi," akasema.

Na mimi, kwa ujinga wangu, mbele ya umati, nikauliza, "Na lile neno, Ami?"

Akauangalia mguu wangu.

"Guu hili ni la nahodha. Lau ule ungalikuwa ukuta kweli, watu wako wangalisalimika. Mwanangu nimekupa. Lakini asipande gari lako hata siku moya."

Shangazi wakapiga vigelegele humohumo hemani. Nimepewa mke na kuumbuliwa kwa pumzi moja!

Haya, chekeni. Ila mkumbuke boti ya kwanza ya kesho kwenda Ras Kitau ni yangu, na kuogelea si nyote mnajua.