Kiraka cha Theluji

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Mkosi! Ijumaa anakuja mteja wa skrini za vituo vya mabasi. Anataka kikompyuta chetu kicheze video kwa kiini rasmi cha Linux, ile programu ya msingi inayoendesha mashine, si kile chetu cha kuungaunga cha miaka minane iliyopita. Kikishindwa, bosi anampa Geng, muuzaji mwenzangu, kaunta yangu hapa soko la elektroniki la Huaqiangbei, mimi nikafunge maboksi. Geng kanipa pole huku anatafuna mbegu za alizeti. Mnafiki!

Jumanne, 12 Novemba
Kiini rasmi hakijui kwamba chipu yetu ina sehemu maalumu ya kufungulia video. Prosesa inabeba mzigo wote. Picha inakwama, ubao wa kikompyuta unaunguza. Nikaficha chini yake pakiti ya jiaozi zilizoganda, zile sambusa za kuchemsha, ili kuupoza. Picha bado inakwama, jiaozi zimeiva upande mmoja. Geng akauliza siki ya kuchovyea iko wapi.

Jumatano, 13 Novemba
Nimepata! Mtandaoni kuna kiraka, yaani msimbo wa kurekebisha kiini, mistari mia nne, cha mtu anayejiita "Theluji". Nikakibandika. Mama yangu! Korongo wa video ya majaribio anaruka, kila unyoya unaonekana, na ubao haujapata hata joto. Nilikaa mdomo wazi hadi chai ikapoa. Chipu hii hata sisi tunaoiuza hatuna maelezo yake, na mtu kaichokonoa mpaka ikatii. Tena bila malipo!
Kisha nikafuta "Theluji", nikaandika Pang Zhiyuan, nikawatumia wakaguzi wa kiini ili wakiingize rasmi. Aibu? Kidogo.

Alhamisi, 14 Novemba
Mkaguzi kajibu hadharani. Bibi Ouyang, mwalimu mstaafu wa Harbin, kule kaskazini kwenye theluji na barafu. Eti mwanangu, mstari wa 212 una kosa, analijua kwa sababu alilifanya yeye. Theluji ndiye yeye! Ardhi, pasuka! Geng kaichapisha barua, kaibandika ukutani.
Bibi kaongeza kwamba kama kweli nimekijaribu ubaoni, ataweka jina langu kama mjaribu wa kiraka. Hakunitukana hata neno moja. Nimelia.

Ijumaa, 15 Novemba
Mteja alisahau kukaa. Hata Geng aliacha kutafuna. Kaunta ni yangu! Na ndani ya kiini patasomeka: kimejaribiwa na Pang Zhiyuan. Nimemwapia Bibi, kazi ya mtu siigusi tena.

Jumatatu, 18 Novemba
Kadi zangu mpya zimefika: Pang Zhiyuan, Mjenzi wa Kiini cha Linux. Mteja kapiga simu, eti video haina sauti. Hakuna shida. Nimeona kiraka cha sauti, cha mtu anayejiita "Barafu". Huyu ni mwingine kabisa. Jina nimeshalifuta, nimetuma.