Malori Yasiyo na Dereva

Nkoaranga, Meru

Kwa Meja Rodrick Akyoo,
Mpangaji wa Shehena za Vikosi Vilivyo Nje ya Nchi,

Marahaba. Naijibu kabisa shikamoo yako ili tusipoteze muda. Nakuandikia kwa cheo, ingawa mimi ni shangazi yako, kwa sababu Jumapili ulipokuja kunituliza kuhusu mwanangu Solomoni, dereva wa lori katika kikosi cha kulinda amani, uliongea kama uko kwenye semina. Uliweka kompyuta juu ya meza yangu, ukanionyesha jinsi mnavyoijaribu humo misafara ya chakula na mafuta kabla haijaondoka. Nimetafakari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua yenu inawashwa na kuzimwa kwa kidole, na tope linakauka papo hapo. Jioni ile ile gari lako, ambalo halikubeba kitu zaidi yako na hiyo kompyuta, lilikwama kwenye kona ya jirani yetu Sadoki, likavutwa kwa kamba na wanakwaya. Sikukuona ukibonyeza kitu.

2. Nilikuomba umpelekee Solomoni mfuko mmoja wa ndizi zilizokaushwa. Ukasema, "Shangazi, mfumo umeshajaza lori." Mfumo huo unajua uzito wa chakula cha kikosi kizima, lakini haujui kwamba Solomoni hagusi maharage tangu alipoachishwa ziwa. Kwenye hesabu yenu ameshiba.

3. Hili ndilo limeninyima usingizi. Lori moja lilitumbukia mtoni mbele ya macho yangu. Nikauliza nani alikuwa anaendesha. Ukajibu, "Hakuna mtu, shangazi, ni mfano tu," ukabonyeza, lori likarudi barabarani likiwa kavu.

Basi ombi langu ni jepesi. Kwa kuwa mnaye dereva hodari hivyo, asiyekula, asiyezama na asiye na mama, mpeni lori huyo Hakuna Mtu, na Solomoni arudi kuvuna kahawa. Kikosi kizima kirudi pia, ipelekwe kompyuta. Na waasi wa huko wakinung'unika, wapewe nao ya kwao. Wapigane ukumbini hapo Arusha mjini, chai ya saa nne iwepo, na ikifika jioni kila aliyekufa abonyezwe, ainuke, aende kwake mtaani Kijenge.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi, lisilo na michoro. Msalimie mkeo Jackline, watoto, na wenzako wote mnaopigana mkiwa mmekaa.

Anayewaombea bila mfumo,
Shangazi yako Marta

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Solomoni amepiga simu. Daraja lao lilichukuliwa na maji jana. Msafara wake ulikuwa umeshavuka, kwa sababu agizo la kuondoka mapema lilitoka kwako, baada ya kompyuta kuonyesha kwamba mto utajaa. Barua siichani, nimeiandika kwa mwandiko mzuri, ila usiifanyie kazi. Njoo tena na hiyo kompyuta Jumapili, uiwashe polepole, unionyeshe siku anayorudi.