Vikoti vya Kuzuia Mionzi

Sukari, ambaye mdomo wake ndio ulikuwa duka lake, aliingia kliniki ya mifugo kuomba choo, akakuta benchi zima la watu wenye hofu. Moyo ukamruka kwa furaha. Kesho yake akarudi na vikoti kumi na viwili vya mbwa, ndani vimeshonewa karatasi za kung'aa za pakiti za biskuti.

Akamwendea mama mmoja mshona mapazia, mwenye mbwa jike aliyepitisha siku za kuzaa. Uzazi uliopita mtoto mmoja alibaki tumboni, mbwa akaponea chupuchupu. Sasa daktari alitaka picha ya eksirei ahesabu watoto mapema.

Kwa sauti ya msibani, Sukari akamweleza kwamba mionzi huwababua watoto tumboni, wakazaliwa hawajui hata kubweka. Mama akasema daktari keshamwambia kuwa mimba ikikomaa, picha moja haina neno. Sukari akamhurumia: daktari anauza picha, ulitaka aseme nini?

Mama akakigeuza kikoti, akakagua mshono. "Kinazuia mionzi yote?"

"Haipiti hata chembe, mama yangu."

"Basi apigwe picha amekivaa. Watoto wasipoonekana, nanunua vyote. Wakionekana, vyote vyangu."

Mwenye akili timamu angeaga. Lakini Sukari alikuwa ameurudia uongo ule mbele ya kioo mpaka ukamwingia mwenyewe. Akakubali, benchi zima likishuhudia.

Picha ikatoka. Watoto sita, wanahesabika uti kwa uti, na juu yao zipu ya kikoti. Wa sita alikuwa amekaa kingamo, amewafungia wenzake mlango. Daktari hakungoja, mbwa akapelekwa kupasuliwa.

"Kikoti chako kingefanya kazi, huyo tusingemwona," mama akamwambia Sukari. "Ungeniulia mbwa, mwanangu."

Sukari akamsogezea rundo zima la vikoti.

Mama hakujua kukaa bure. Akatoa mkasi, akafumua karatasi, akatangaza vikoti vya baridi, visivyozuia kitu kingine chochote. Muuguzi alipokuja kusema wote sita wanalia na mama yao mzima, vilikuwa vimebaki viwili.

Sukari akasogea. "Mama, huhitaji mtu wa kukuuzia?"

"Nahitaji wa kufumua nyuzi," akasema, akimpa mkasi. "Asiyeongea."