Mashimo Mawili Uwanja wa Mnadani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Tumbo limeanza tena. Limeanza saa mbili asubuhi, kikaoni, pale Mama Agnetha alipotamka neno mratibu.

Mama Agnetha ndiye mkurugenzi wetu hapa Kituo cha Sanaa Igembe, Kharumwa. Kasema watu hawaji kituoni, basi kituo kitawafuata watu. Ngoma, maigizo, ufinyanzi, vyote nje, vitongojini kwao. Kazi hiyo inataka mratibu wa kudumu, na wasaidizi tuko wawili, mimi na Violeth. Kila mmoja kapewa kitongoji chake Jumamosi hii. Atakayekusanya watu wengi mbele ya jukwaa lake ndiye mratibu. Mwenzake atakuwa chini yake.

Violeth kapewa stendi. Mimi uwanja wa Mnadani. Violeth akanitakia heri mbele za watu. Ana ushindani mbaya yule, ndiyo maana anatabasamu.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa tano nilimwambia mama yangu kwamba mimi tayari ni mratibu. Sikukusudia. Aliuliza kazi inaendeleaje, simu ilikuwa inakwaruza, nikajikuta nimesema. Akaitangazia jumuiya yao nzima kule Isaka. Walinipigia vigelegele kwenye simu, na kusema kweli nilivipenda.

Leo jioni kapiga. Anakuja Jumamosi kuniona nikiratibu. Kashakata tiketi.

Kwa hiyo lazima nishinde. Uji wenyewe leo haukushuka.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata akili. Nimeipata nikiwa chooni, ambako siku hizi nashinda.

Ngoma! Mavuno yamekwisha, watu wana nafasi, na Msukuma msimu huu akisikia ngoma anaacha ugali ukipoa. Nikapanda baiskeli hadi kwa Mzee Mihayo. Huyu ni manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi la Wagalu, wale wanaocheza na majembe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: kuna kundi jingine siku hiyo? Nikasema hakuna, Mzee, uwanja wote ni wako.

Njiani nikapiga hesabu. Kundi moja likileta watu mia mbili, makundi mawili yataleta mia nne. Nikageuza baiskeli, nikaenda kwa Nkwabi, manju wa Wagika. Wagika na Wagalu ni mahasimu tangu enzi za mababu. Nkwabi naye akauliza swali lilelile. Nikampa jibu lilelile, kwa sababu lilikuwa limeshafanya kazi vizuri.

Najua desturi, sikukulia porini. Makundi haya yakikutana huchezea uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu huhamia kwa anayewavutia. Anayebaki bila watu kashindwa, na aibu yake huimbwa mwaka mzima. Ndiyo maana nimewatenganisha. Mihayo saa nane, Nkwabi saa tisa na nusu. Wakija kugundua, watu wangu watakuwa wameshahesabiwa.

Ila wakigundua mapema je? Nisiwaze. Nimeshawaza.

Jumatano, 16 Julai

Fundi kamaliza jukwaa. Mbao juu ya mapipa. Nimemwambia aliweke katikati kabisa ya uwanja, baina ya goli la kaskazini na la kusini, manju yeyote asije akasema nimempendelea mwenzake. Nimepima kwa hatua mara tatu.

Nilipita stendi kupeleleza. Violeth ana mabenchi sita ya kuazima, mama mmoja mfinyanzi, na mchezo wa kuigiza wa nusu saa. Nilimhurumia kidogo. Akaniuliza kama nahitaji msaada wowote. Nikamwambia hapana, kwa sauti ambayo nadhani ilimuumiza.

Mama kapiga kuuliza avae nini. Nikamwambia chochote. Akasema mama wa mratibu havai chochote.

Alhamisi, 17 Julai

Saa kumi jioni nimemkuta Mzee Mihayo peke yake nyuma ya goli la kaskazini, anachimba. Shimo la kufika kiunoni. Nikauliza kulikoni. Akajibu kwamba sikumwona. Nikaelewa. Anafukia dawa ya kuvuta watu, kama manju wote wafanyavyo kabla ya ngoma. Wala sikupinga. Watu ndio ninaowataka.

Lakini udongo mbichi ule unaonekana toka barabarani. Nkwabi akipita tu, nimekwisha. Nikaazima turubai, nikafunika, nikaweka mawe pembeni.

Ijumaa, 18 Julai

Sijalala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimefika uwanjani, na nani yuko goli la kusini? Nkwabi. Na jembe. Naye akasema sikumwona.

Nimeazima turubai la pili.

Nikiwa nimelikalia, akapita Ngusa. Huyu ni mchimbaji wa dhahabu, amepanga chumba kinachopakana na changu, sururu haimtoki begani. Akaniuliza nimekalia nini. Sasa ningemwambiaje? Nikitaja dawa ya Nkwabi, habari zitafika kwa Mihayo kabla ya chai. Nikamwambia sijui, na yeye hajaona, na asimwambie mtu.

Ngusa akanitazama muda mrefu. Akatazama turubai la kule kaskazini. Akauliza taratibu kama kilichoko hapa na kilichoko kule ni kitu kimoja. Nikafurahi kwamba ameuliza swali ambalo naweza kulijibu bila uongo. Nikasema ndiyo, ni kitu kilekile, ila ni siri ya wazee. Akanishika mkono kwa mikono miwili na kusema wabeja, yaani asante, hatausahau uungwana wangu. Watu wa machimboni wana adabu kuliko inavyosemwa.

Mchana. Watu wameanza kujaa uwanjani, na tukio ni kesho! Tangazo nililobandika barabarani linafanya kazi. Wawili walivuta kamba toka turubai moja hadi jingine. Kamba ikapita chini ya jukwaa langu, wakatingisha vichwa kwa kuridhika. Mmoja alichota udongo kwa karai akaenda nao mtoni. Shabiki wa kweli, kataka kumbukumbu.

Jioni nimewakuta wameshatandika magunia ili walale palepale. Nikawaomba kesho wakae upande wa mbele wa jukwaa. Wakauliza mbele ni wapi. Nikawaonyesha. Wakasema usiwe na wasiwasi Thobias, tutafika hapo.

Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula wali.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika saa kumi na mbili jioni. 

Saa tano asubuhi nilipofika na Mama, aliyeshuka basini na jogoo na kitenge kipya, uwanjani kulikuwa na watu kama mia sita. Mia sita! Mama akatazama, machozi yakamlenga. Akasema laiti marehemu baba angekuwepo leo. Nikawaza, haidhuru, lolote litakalotokea, hili nimelipata.

Kisha nikaona kwamba kila mtu ana sururu.

Mihayo akatokea kaskazini na kundi lake, saa tatu nzima kabla ya zamu yake. Dakika hiyohiyo Nkwabi akatokea kusini. Manju huwahi, ili achague upande. Hilo la kuwahi nilikuwa sijalijua. Wakaonana. Wakanitafuta kwa macho. Nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Lakini hawakupata nafasi ya kunishika, kwa sababu watu walikuwa wanayasogelea maturubai. Mzee Mihayo hakukubali dawa yake ishikwe na mtu. Akatupa jembe, akarukia shimo lake na miaka yake sabini, akafukua kwa mikono, akatoka na kifurushi cha kitambaa chekundu amekikumbatia kifuani, akakimbia. Upande wa kusini Nkwabi akafanya hivyohivyo.

Hapo hata mtu aliyekuwa na shaka hakuwa nayo tena. Wazee wawili, mashimo mawili, vifurushi viwili. Kwa hesabu ya machimboni mwamba wa dhahabu unatoka goli hadi goli, umenyooka, na hakuna mtu aliyetaka kutanguliwa. Ikawa rashi, yaani mbio za kugombea dhahabu. Wakachimba toka kaskazini na toka kusini kwa pamoja. Majembe ya Wagalu yakaazimwa bila kuombwa. Wagalu wenyewe wakayafuata yalikokwenda.

Mama Agnetha alifika saa nane kasoro toka stendi, akiwa na mtendaji wa kijiji, wakaketishwa jukwaani. Nilijaribu kuwazuia, nikachelewa. Saa nane na robo mitaro miwili ikakutana. Jukwaa halikuanguka, lilishuka. Taratibu, upande mmoja, kama ng'ombe anayelala. Mtendaji alishuka nalo akiwa bado ameshika soda yake. Hakuumia mtu yeyote, namshukuru Mungu.

Mama Agnetha, suruali ikiwa na udongo mpaka magotini, akaniuliza watu ni wangapi mbele ya jukwaa. Nikasema mia sita. Akasema anawaona, ila wako chini yake.

Na hapo ndipo mama yangu alipotoka mtaroni. Kitenge kipya kakikunja, kakifunga kiunoni, mkononi jembe la mtu. Alikuwa amechimba saa nzima. Akampa Mama Agnetha mkono wenye tope, akajitambulisha kuwa ni mama wa mratibu.

Mama Agnetha akauliza, mratibu yupi.

Mama akanigeukia. Nikatazama kandambili zangu.  Mama akamfuata jogoo alikomfunga, akamkabidhi Mama Agnetha kwa heshima zote, na kumwomba anivumilie kwa sababu tangu utotoni nina haraka.

Ningependelea anizabe kofi. Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sitaandika zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Hakuna dhahabu. Walisafisha karai zaidi ya hamsini, wakapata kijiko, na kizibo cha soda ambacho nadhani ni cha mtendaji. Ngusa hanisemeshi. Anaamini nimewaficha ulipo mwamba wenyewe.

Tumefukia mtaro tangu ibada ilipotoka. Mihayo kaskazini, Nkwabi kusini, kila mmoja na kundi lake. Mchana walikuwa wanabishana nani angeshinda. Jioni walikuwa wamekubaliana jambo moja, nalo ni mimi. Kila kundi limenitungia wimbo. Wa Wagika una jina langu mara nne.

Violeth alipata watu tisini na watatu, wote mbele ya jukwaa, wote wameketi. Ndiye mratibu. Akaja na koleo lake akafukia na sisi hadi jua likazama, wala hakunisema hata kidogo. Sijui anapanga nini.

Mama kaondoka na basi la asubuhi. Stendi aliniambia hakuja kuona cheo, alikuja kuniona mimi, na angekuja hata ningekuwa mfagizi wa kituo. Akasema nisimdanganye tena, simu ikwaruze isikwaruze. Nililia kidogo nyuma ya choo cha stendi. Nimeapa, na safari hii nimeapa kweli.

Jumanne, 22 Julai

Violeth kagawa kazi. Tukio linalofuata ni Maganzo, mwezi ujao, maana wenyeji wa huko wametuomba. Kazi yangu ni kubeba mabenchi. Nisiongee na manju, nisiongee na fundi, nisiazime turubai. Nimesema sawa, mratibu. 

Lakini nimekaa nikafikiri kwa utulivu, bila jazba. Tisini na watatu kwake. Mia sita kwangu. Hilo hata yeye hawezi kulifuta. Kosa halikuwa shimo. Kosa lilikuwa mashimo mawili, yakafanya mstari, na mstari ukapita chini ya jukwaa. Shimo moja halifanyi mstari. Na Maganzo watu wanatafuta almasi. Kashimo kamoja tu, kadogo, mbele kabisa ya jukwaa, Alhamisi jioni. Sitamwambia mtu kitu. Nikiulizwa, nitasema sijui.

Mama kapiga kuuliza habari za kazi. Simu ilikuwa safi kabisa, haikukwaruza hata kidogo. Nikamwambia nimepewa kuratibu Maganzo.

 Akauliza kama safari hii aje na jembe lake mwenyewe.

Nimemwambia aje nalo. La kituo Violeth kalifungia.